Habari za Lord Delamere na Ukoo Wake

Katika nchi yetu ya Geita, na ng'ambo ya pili katika Usukuma yote, mtu hatajwi kwa jina lake peke yake. Akiulizwa yeye ni nani, hulitaja jina lake, kisha husema yeye ni mwana wa fulani, na fulani huyo alikuwa mwana wa fulani. Wasukuma husema ng'wana, yaani mtoto wa; na wako wazee ambao huweza kuwahesabu baba zao hata yule wa kwanza aliyevuka mto au aliyefyeka pori na kuweka jiwe la moto mahali ambapo hapakuwa na mtu. Habari hizo huwekwa kichwani, nazo hutolewa jioni watoto wakiketi motoni.

Waingereza nao wana desturi ya kuwahesabu baba zao, lakini njia yao ni nyingine. Mwaka 1538 ilitolewa amri katika Uingereza kwamba kila kanisa liwe na kitabu cha kuandikia majina ya waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Vitabu hivyo, kama vile vitabu vya ubatizo mnavyoviona katika misioni, vikatunzwa kizazi kwa kizazi, na kwa hiyo zamani Mwingereza aliyetaka kumjua babu ya babu yake alikwenda kanisani akafunua karatasi. Watu waliozaliwa Marekani, Australia na Afrika ya Kusini waliandika barua mpaka Uingereza kutafuta majina hayo, ili wapate kumjua yule wa kwanza katika ukoo wao aliyepanda merikebu akaenda kulowea katika nchi ya mbali. Kupanda juu katika ukoo mpaka kumfikia mlowezi wa kwanza ni kazi ambayo wengine huishughulikia miaka mingi.

Katika Afrika ya Mashariki wako watu wachache ambao ukoo wao huishia kwa walowezi wa kwanza wa Kiingereza, na katika walowezi hao mmoja alijulikana kuliko wote. Jina lake lilikuwa Hugh Cholmondeley, na cheo chake Lord Delamere. Jina hilo la Cholmondeley lina herufi nyingi, lakini msisumbuke. Waingereza wenyewe hulitamka Chamli, na herufi zinazobaki huandikwa tu. Ni jina la kijiji kimoja katika jimbo la Cheshire, upande wa magharibi wa Uingereza, ambako mababu wa ukoo huo walikuwa na ardhi tangu zamani sana.

Twende kwanza kwa mababu hao, ndipo tuje Afrika.

Katika Cheshire palikuwa na nyumba kubwa ya watawa iliyoitwa Vale Royal. Mfalme Edward wa Kwanza ndiye aliyeianzisha, na jiwe lake la kwanza aliliweka mwenyewe mwaka 1277. Watawa wakakaa humo miaka zaidi ya mia mbili na hamsini, wakilima, wakifuga na kusali. Kisha Mfalme Henry wa Nane akagombana na Papa, akazifunga nyumba za watawa katika nchi yake yote na kuzitwaa mali zao. Vale Royal ilifungwa mwaka 1538, mwaka ule ule wa amri ya vitabu vya kanisa. Kanisa lake likabomolewa, na majengo yaliyobaki yakafanywa nyumba ya bwana mkubwa.

Baada ya miaka mingi nyumba hiyo ilinunuliwa na mama mmoja mjane, Mary Cholmondeley, mwanamke mwenye mali na moyo thabiti. Mwaka 1617 Mfalme James alifika huko kuwa mgeni wake. Mama huyo alikuwa na wana kadhaa, na mmoja wao, Thomas, akapewa Vale Royal. Katika uzao wa Thomas huyo watu waliendelea kukaa katika nyumba ile, baba akimwachia mwana, mpaka mwaka 1821, ambapo Thomas mwingine wa ukoo huo alipewa na mfalme cheo cha Lord Delamere. Cheo hicho hurithiwa na mwana wa kwanza, kama vile utemi unavyorithiwa katika koo nyingine. Thomas alikuwa wa kwanza, mwanawe Hugh akawa wa pili, na Hugh wa tatu ndiye tunayetaka kumsimulia.

Alizaliwa tarehe 28 Aprili mwaka 1870. Baba yake alikuwa mzee alipompata. Walimpeleka kusoma katika shule ya Eton, ambayo ni shule ya watoto wa wakubwa, walakini vitabu havikumpendeza. Alipenda farasi, mbwa na kupiga shabaha. Mwaka 1887 baba yake akafa, na kijana huyo wa miaka kumi na saba akawa bwana wa Vale Royal, na wa mashamba, na wa wapangaji wengi waliomlipa kodi. Angaliweza kukaa hapo raha mustarehe mpaka mwisho wa siku zake, kama walivyofanya baba zake.

Hakukaa. Mwaka 1891 alisafiri kwenda nchi ya Wasomali kuwinda simba, akaipenda mno, akarudi tena na tena. Siku moja mwaka 1894 alimjeruhi simba, na simba akamrukia, akamwangusha na kumshika mguu. Msomali aliyemchukulia bunduki, jina lake Abdullah Ashur, hakukimbia. Alimrukia simba yule kwa mikono mitupu, akashindana naye, hata bwana wake akapata nafasi ya kuishika bunduki. Wote wawili waliumizwa vibaya. Tangu siku ile Delamere alichechemea mpaka alipokufa. Watu wengi walioandika habari za Delamere wameandika kurasa nyingi juu yake na mistari miwili tu juu ya Abdullah Ashur. Nasi pia hatuna zaidi ya hiyo, illa ni haki jina lake likumbukwe, kwa maana bila yeye hadithi hii ingalikwisha hapa.

Mwaka 1896 Delamere alianza safari nyingine, ndefu kuliko zote. Aliondoka pwani ya Wasomali akiwa pamoja na daktari wake, na wapagazi, na ngamia wengi, akakata kusini kupita nchi kavu za mpaka wa Uhabeshi. Walitembea miezi mingi katika mawe na miiba na jua kali, maji yakiwa haba. Hata mwaka 1897 wakapanda nyanda za juu za Laikipia. Ghafula wakaona majani mabichi, vijito vya maji baridi, misitu ya mierezi, na upepo ulio kama wa kwao. Kwa mtu aliyetoka jangwani ilikuwa kama ndoto. Tena aliona jambo jingine, nalo lilimdanganya yeye na wenziwe wengi: aliona kwamba watu ni wachache.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana jambo hili ni kubwa. Kwa nini watu walikuwa wachache? Miaka michache kabla yake, kuanzia karibu mwaka 1890, ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika ya Mashariki ukaua ng'ombe wengi mno. Wazee wa Usukuma nao waliusimulia. Ukafuata ugonjwa wa ndui ukaua watu, kisha njaa. Wamasai, ambao maisha yao yote ni ng'ombe, walipungua sana, na waliosalia walihamahama wakitafuta malisho. Basi nchi ile haikuwa tupu kwa sababu haina mwenyewe. Mwenyewe alikuwa mgonjwa. Tena mfugaji huacha malisho yapumzike, akaenda kwingine, akarudi msimu ukigeuka. Mgeni anayepita siku moja huona majani tu.

Delamere alirudi Uingereza, akaoa mwaka 1899. Mkewe alikuwa Lady Florence Cole, binti wa bwana mkubwa wa Ireland, na mwaka 1900 walipata mwana wao wa pekee, Thomas. Wakati huo serikali ya Kiingereza ilikuwa ikijenga reli kutoka Mombasa. Kazi ilianza mwaka 1896, na mwaka 1901 reli ikafika Kisumu, penye pembe ya ziwa letu. Watu wa Mwanza na Geita waliiona faida yake ingawa nchi yao ilikuwa chini ya Wajerumani, kwa maana ngozi na karanga zao zilipakiwa katika meli, zikavushwa ziwani mpaka Kisumu, na kutoka hapo zikaenda pwani kwa gari la moshi. Lakini reli ilikuwa imekula fedha nyingi, na serikali ilitaka mizigo ya kuirudishia gharama. Kamishna wa siku hizo, Sir Charles Eliot, aliona njia ni moja tu, yaani kuwaita Wazungu waje kulima katika nyanda za juu.

Mwanzoni mwa mwaka 1903 Delamere alikuwa amekwisha kufika, pamoja na mkewe. Akaomba apewe ekari 100,000 huko Laikipia. Serikali ikakataa, kwa kuwa ni mbali mno na reli. Akaomba mahali pengine karibu na Naivasha. Wakakataa tena, wakiogopa ugomvi na Wamasai. Mara ya tatu akakubaliwa: alipewa ekari 100,000 katika Njoro, kwa miaka tisini na tisa, kwa kodi ya pauni 200 kila mwaka, na sharti la kutumia pauni 5,000 katika shamba hilo kwa miaka mitano ya kwanza. Shamba hilo akaliita jina la ikweta, kwa kuwa mstari wa ikweta hupita karibu. Alipoingia shambani mwake hakuingia kwa fahari, maana alikuwa ameanguka kutoka juu ya farasi akaumia shingo, hata akachukuliwa kwa machela. Yeye na mkewe wakakaa katika vibanda vya nyasi na udongo, sakafu ikiwa ni ardhi tupu, na nyuma yao huko Cheshire nyumba ya wafalme na watawa ikibaki na watumishi tu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kondoo. Aliagiza kondoo wa sufi nzuri kutoka New Zealand, wakaletwa kwa meli na kwa reli, akawapandisha na kondoo wa Wamasai. Majani ya Njoro yalikuwa marefu na mazuri kwa macho. Kondoo wakala wakashiba, wakaanza kukonda. Wakala tena, wakakonda zaidi, na wengi sana wakafa katika majani yaliyowafikia tumboni. Delamere hakufahamu sababu yake. Lakini Wamasai walijua tangu zamani kwamba mahali pale mifugo haistawi. Walikuwa wakipapita haraka, wala hawakujenga boma lao hapo, na jina walilopaita lilikuwa na maana ya utasa. Kama kuna mtu aliyemwuliza mzee mmoja wa Kimasai kabla ya kuzitumia zile pauni elfu, haikuandikwa. Baada ya miaka mingi wataalamu waliupima udongo wa nchi ile, wakaona umepungukiwa na madini iitwayo kobalti, ambayo mnyama huhitaji kidogo tu, kama chumvi katika mchuzi, lakini pasipo hiyo hawezi kuishi.

Akageukia ng'ombe. Aliagiza madume kutoka Uingereza ayachanganye na ng'ombe wa nchi, naye katika jambo hilo alifanikiwa baadaye. Lakini mwanzoni ugonjwa wa mapafu na ugonjwa wa ndigana vikamharibia makundi. Ndipo akageukia ngano. Alifungua udongo kwa majembe ya kukokotwa na maksai, akapanda mashamba makubwa kuliko yaliyopata kuonekana katika nchi hizi. Ngano ikaota, ikachanua, na karibu na mavuno ikashikwa na kutu, yaani ugonjwa unaoacha unga mwekundu juu ya mabua, na punje zikanyauka. Mwaka wa pili ikawa vivyo hivyo.

Katika jambo hili yafaa tumpe haki yake. Mtu mwingine angaliuza na kwenda zake. Delamere alimwajiri mtaalamu mmoja, G. W. Evans, akampa shamba la kujaribia mbegu, wakakusanya ngano za nchi mbalimbali na kuzioanisha, mmea huu na mmea ule, msimu kwa msimu, ili wapate mbegu isiyoshindwa na kutu. Wakapata mbegu zilizo bora. Kutu hugeuka kila baada ya miaka, kwa hiyo kazi ile haikwisha wakati wao wala haijakwisha mpaka leo, na kazi hiyo ya kutafuta mbegu iliendelea Njoro hata baada yake. Akaanzisha pia kiwanda cha kusagia, akakiita kwa neno la Kiswahili, Unga. Lakini fedha! Kila mwaka aliandika barua Uingereza kuomba mkopo, akiiweka Vale Royal rehani, na wapangaji wa Cheshire walilipa kodi ambayo iligeuka kuwa kondoo waliokufa na ngano yenye kutu katika Njoro.

Alikuwa amepata na shamba la pili, kubwa kama nusu ya lile la kwanza, kando ya ziwa la Elmenteita katika Bonde la Ufa. Hilo ndilo Soysambu. Hapo udongo ulikuwa mwema kwa mifugo. Kondoo na ng'ombe wakastawi, naye akahamia huko. Wafanyakazi wake wengi walikuwa Wamasai. Aliwapenda sana, akajifunza lugha yao, akaketi nao usiku kuzungumza habari za ng'ombe, na walipomwibia ng'ombe alikasirika kidogo kisha akacheka. Walowezi wenziwe walimshangaa.

Lakini kumpenda mtu na kukaa katika malisho yake ni mambo mawili. Mwaka 1904 serikali ilifanya mapatano na Wamasai, mkubwa wao mmoja akiwa Olonana, mganga wao. Wamasai wakakubali kutoka Bonde la Ufa, pande za Naivasha na Nakuru, kuwapisha walowezi. Nusu waende kaskazini Laikipia, nusu wakae kusini, na sehemu hizo waliahidiwa kuwa zitakuwa zao maadamu watu wa kabila lao wapo duniani. Maadamu hiyo ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 serikali ikawafanyia mapatano mengine, na wale wa Laikipia wakaamriwa kuhama, kwa kuwa Laikipia nayo ilitakiwa na walowezi. Watu maelfu, na wanawake wakiwa na watoto migongoni, na ng'ombe na kondoo wasiohesabika, walikwenda kusini kupita milima yenye baridi na mvua. Wengi wa mifugo wakafa njiani, na watu pia.

Mmoja wa wakubwa wao, Ole Gilisho, hakukubali. Badala ya kushika mkuki alishika sheria ya Waingereza wenyewe. Yeye na wenziwe wakaweka wakili na kuishitaki serikali. Kesi ikasikilizwa mwaka 1913. Mahakama haikusema kwamba Wamasai hawana haki. Ilisema kwamba mapatano yale yalikuwa kama mapatano ya taifa na taifa, na kwa hiyo mahakama ya nchi haina uwezo wa kuyaamua. Wakakata rufani, wakashindwa tena. Basi Wamasai walihesabiwa kuwa taifa la kigeni siku ya kwenda mahakamani, na kuwa raia wa kuamriwa siku ya kuhamishwa. Habari ya Ole Gilisho haina sanamu mjini, lakini wazee wa Kimasai huisimulia.

Sura ya Delamere ilikuwa ya kumtambua mtu kwa mbali. Alikuwa mfupi, pua ndefu, nywele nyekundu alizoziacha zikue mpaka mabegani, akisema kwamba zinamkinga na jua, na juu yake kofia kubwa kama ungo. Nguo zake zilikuwa kuukuu. Alikula nyama ya swala siku zote, akaamka kabla ya mapambazuko. Lakini akienda Nairobi siku za mashindano ya farasi, heshima yote aliiacha shambani. Yeye na wenziwe walikunywa, wakavunja viti hotelini, na husimuliwa kwamba walizipiga taa za barabarani kwa bunduki. Hatuandiki haya ili yaigwe.

Katika siasa alikuwa kichwa cha walowezi tangu mwanzo. Alikuwa mwenyekiti wa chama chao, na baraza la kutunga sheria lilipoanzishwa mwaka 1907 akawa mmoja wa wajumbe. Alichotaka kilikuwa wazi, wala hakukificha: nyanda za juu ziwe za Wazungu peke yao, na utawala wa nchi uwe mikononi mwa walowezi. Wahindi waliodai haki ya kununua ardhi huko juu aliwapinga kwa nguvu zote. Waafrika, ambao ndio walio wengi, hawakuwa na mjumbe hata mmoja wa rangi yao katika baraza hilo siku zake zote.

Mwaka 1914 mkewe alikufa, na mwaka huo huo vita kubwa ikaanza. Delamere alikwenda na Wamasai wake kupeleleza mpaka wa nchi ya Wajerumani, yaani mpaka wa nchi yetu, hata akaugua sana. Vita ikaisha, Wajerumani wakaondoka, na Tanganyika ikawekwa chini ya ulinzi wa Waingereza kwa amana ya Shirika la Mataifa. Amana si milki. Mwenye amana huulizwa habari zake, na sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ilisema ardhi ya Tanganyika itatunzwa kwa faida ya wenyeji. Kwa hiyo hapa kwetu walowezi walikuwa wachache kuliko Kenya, ingawa walikuwako, hasa Arusha, Moshi na Usambara.

Mwaka huo huo wa 1923 serikali ya London ilitoa tangazo juu ya Kenya, kwamba ni nchi ya Waafrika, na haja za Waafrika hazina budi kutangulia mbele ya haja za wageni. Delamere alikuwa London pamoja na wajumbe wa walowezi, wakashindania neno lao, wakapata nusu: Wahindi wakanyimwa nyanda za juu, lakini walowezi nao wakanyimwa utawala. Neno lile la kutangulia halikutimizwa sana kwa vitendo miaka mingi, walakini lilikuwa limekwisha kuandikwa, na lililoandikwa halifutiki upesi.

Delamere hakukata tamaa. Mwezi wa Oktoba mwaka 1925 aliita mkutano Tukuyu, huko Rungwe katika kusini ya Tanganyika. Wakaja viongozi wa walowezi wa Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Fikirini njia ya siku zile kutoka Nairobi mpaka Tukuyu, na matope yake! Shauri lao lilikuwa kwamba nchi hizi ziungane ziwe moja, na ulowezi wa Wazungu uwe ndio msingi wake. Kama shauri hilo lingalifaulu, nchi zetu zingalifuata njia ya Kenya, na huenda mbuga za Usukuma zingalipimwa ekari kwa ekari kama Njoro. Halikufaulu. Gavana wa Tanganyika, Sir Donald Cameron, alilipinga, na tume iliyotumwa kutoka Uingereza ilipotoa taarifa yake mwaka 1929 haikukubali kuwapa walowezi utawala. Delamere alipewa heshima ya mfalme mwaka huo, lakini lile alilolitaka zaidi hakupewa.

Mwaka 1928 alikuwa ameoa mara ya pili. Moyo wake ulikuwa umechoka, nayo bei ya mazao ilianguka dunia nzima. Akafa tarehe 13 Novemba mwaka 1931, akiwa na miaka sitini na mmoja, akazikwa Soysambu, mbele ya ziwa. Hakuzikwa Cheshire pamoja na baba zake. Urithi aliomwachia mwanawe Thomas ulikuwa ardhi, cheo, na madeni makubwa. Thomas alihangaika miaka mingi kuyalipa, na mwaka 1947 akaiuza Vale Royal, nyumba ambayo mama Mary aliinunua zaidi ya miaka mia tatu nyuma. Hivyo ukoo uliokuwa na nyumba mbili ukabaki na moja, nayo iko Afrika. Thomas mwenyewe alikufa mwaka 1979, na uzao wake uliendelea Soysambu. Mtu anayetaka kuandika ukoo wa Cholmondeley wa Vale Royal huanza katika vitabu vya kanisa vya Cheshire, na anapofika mwaka 1903 hana budi kufunga vitabu hivyo na kuja Kenya.

Walowezi walimjengea sanamu ya shaba, wakaiweka katikati ya Nairobi, katika barabara iliyopewa jina lake. Ilikaa hapo, imeketi, ikiwatazama wapita njia. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, barabara ikapewa jina la Kenyatta, na sanamu ikaondolewa, ikapelekwa Soysambu. Ipo huko mpaka leo, katika nchi ambayo sehemu yake kubwa sasa ni hifadhi ya wanyama, na mbele yake kuna kilima chenye umbo la mtu aliyelala chali, uso wake juu. Walowezi walikiita Pua ya Delamere. Wamasai, ambao walikuwa na jina lake kabla Mzungu hajafika, hukiita Shujaa Aliyelala.